Kitasa Kipya Kwenye Mlango Wangu

Wewe, usiniangalie hivyo. Sijafungua hata mdomo na tayari umekunja uso, kama karani wa dirishani anayejua karatasi yangu ina upungufu kabla hajaisoma. Utasema haiwezekani mtu aende kumuuguza dada yake, arudi, akute watu wanaishi nyumbani kwake na wanamuuliza yeye anamtafuta nani. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, mpaka siku nilipogonga mlango wangu mwenyewe nikafunguliwa na mwanamume aliyevaa kandambili zangu. Kwa hiyo nyamaza unisikilize. Nikimaliza ndipo ubishe, kama bado utakuwa na hamu.

Mambo yote yalifichukia kijiweni, na kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao linalokaa nje ya kibanda cha Fundi Kufuli, pale kona ya barabara ya lami na kichochoro cha kwenda kwangu. Siku ninayoisema mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na benchi lilikuwa limeingizwa ndani pamoja na watu wake. Kibanda ni kidogo. Ukuta mmoja umejaa funguo zinazoning'inia kwenye misumari, wa pili umejaa makufuli yaliyokufa, na katikati ipo mashine ya kuchongea inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Fundi alikuwa kwenye stuli yake, miwani juu ya paji la uso, anatafuta miwani. Pembeni yake alikaa Mwalimu, aliyestaafu miaka tisa iliyopita lakini bado anatembea na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Kisha Karani, ambaye hajawahi kuwa karani. Alikuwa anabeba mafaili mahakamani kutoka chumba hiki kwenda kile, na siku alipoacha kazi aliondoka na tai na maneno. Mlangoni, kwenye jiko lake la mkaa, alichutama Birika, muuza kahawa. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mfuko wangu wa plastiki mapajani.

Ndoo hiyo nilikuwa nimeikalia miezi minne, kila siku ambayo sikuwa kwenye foleni ya ofisi fulani. Sababu yake ni fupi. Nina nyumba: vyumba viwili, sebule na choo, bati jekundu, nyuma ya ghala la saruji, hatua mia mbili tu kutoka hapo kwa Fundi. Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na nyumba hiyo ndiyo yote iliyotoka kwenye sabuni. Mwaka jana dada yangu, anayekaa mji mwingine, alianguka akavunjika nyonga. Hana mtoto. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo kwenye sidiria, nikaenda. Nilikaa naye miezi kumi na mmoja. Usianze kunipa pole, hakufa. Anatembea, na kila Jumapili ananipigia simu kunilaumu kwamba nilikuwa namwogesha kwa maji ya moto kupita kiasi.

Niliporudi, ufunguo wangu haukuingia. Mlango ulikuwa na kitasa kipya kinachong'aa, na madirishani kulikuwa na mapazia ya maua makubwa kama masufuria. Ndiyo maana yule wa kandambili zangu nilimpa jina la Bwana Pazia. Ana mke, ana watoto wawili, na ana sauti ya upole ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Aliniambia mbele ya mjumbe wa mtaa, bila kupepesa macho: "Mama, si uliniachia mwenyewe nyumba hii miaka mitatu iliyopita? Ukasema nikae, ni yangu. Umesahau?" Na mjumbe akaniangalia mimi mwenye mvi, kama kweli mimi ndiye niliyesahau.

Tangu hapo nalala kwa mtoto wa marehemu kaka yangu, sebuleni, nyuma ya kochi. Nikitaka kugeuka lazima kwanza kochi lisogezwe.

Na sheria nimeifuata, mtu asije akaniambia sikuifuata. Darasa la saba, lakini kusoma najua. Polisi walisema hilo ni la madai, si la kwao, kwa kuwa na yule bwana ana maelezo yake. Binti mmoja wa ofisi ya msaada wa kisheria akaniandikia notisi ya kumtaka ahame. Bwana Pazia akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akabaki. Tukafungua shauri. Binti alinikataza nisivunje mlango, nisimkatie maji, wala nisimtupie vyombo nje, maana nikifanya hivyo mimi ndiye nitakayekuwa mkosaji kwenye nyumba yangu. Nikishinda, mahakama itatoa amri, na mtu wa mahakama ndiye atakayemtoa, siyo mimi na ufagio. Haya. Lakini ili nishinde, hakimu alitaka jambo moja. Kwamba hati ni yangu, hata Bwana Pazia habishi. Yeye anasema nilimpa. "Basi nionyesheni," akasema hakimu, "huyu aliingia lini, na aliingiaje." Hapo ndipo nilipokwama. Upande mmoja wa nyumba yangu ni ghala, na ghala halina macho. Upande wa pili ni vyumba vya kupangisha, watu wanabadilika kama nguo kwenye kamba. Kesi ilikuwa isikilizwe kesho yake, saa tatu asubuhi, na binti alikuwa amenipigia simu: bila ushahidi wa siku aliyoingia, inaweza kuwa ndiyo mwisho.

Birika akanimiminia kikombe.

— Bibi, bado tu hajatoka?

— Angetoka ningekuwa nimekalia ndoo ya watu?

Karani akalegeza tai. Akilegeza tai, jiandae.

— Mama mkubwa, kosa lako ni moja. Umeenda mahakamani kama mlalamikaji. Ungeenda kama mlalamikiwa.

— Nani anilalamikie?

— Yeye. Ndiyo ufundi wenyewe. Unamfanya yeye akushtaki wewe. Sasa kazi ya kuthibitisha inakuwa juu yake, wewe umekaa tu, umekunja nne. Ilishatokea. Faili lake lilikuwa nene hivi.

— Ulilisoma?

— Nililibeba.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeletewa daftari la mtoto asiyefundishika.

— Karani, unampotosha dada yangu. Jambo lenyewe ni hesabu. Mtu akikaa kwenye nyumba ya mwenzake miaka kumi na miwili bila kubughudhiwa, anaweza kudai ni yake. Sasa dada, wewe ukate hesabu. Kila baada ya miezi michache, ingia ulale humo, hata usingizi wa mchana tu. Hesabu inarudi kwenye sifuri.

— Nikalale wapi, Mwalimu? Kati yake na mkewe?

— Hata barazani. La msingi ni ukorome.

— Nikorome.

— Ukilala kimya watasema ulikuwa umepumzika. Kukoroma ni uthibitisho.

— Na nani atathibitisha kwamba nilikoroma?

— Sisi tupo, akasema Karani. Tutasaini.

Fundi alikuwa ameipata miwani. Akaivaa, akaniangalia, akaivua tena.

— Mama, hawa wanakuzungusha. Wewe ezua bati.

— Binti kanikataza kuharibu.

— Huharibu, unahamisha. Sikiliza. Usimguse mtu, usiguse kijiko. Toa bati tu. Nyumba bila bati siyo nyumba, ni uwanja wenye kuta. Sasa mtu atasemaje anakaa kwenye nyumba ambayo haipo? Kesi imekufa hapo hapo.

— Na mimi nikirudi nitakaa wapi? Uwanjani?

— Si bati unalo? Unaliezeka tena.

— Nina miaka sabini na mmoja, Fundi. Nipande paa na mvua hii.

— Mvua itakatika.

— Badala ya kunitolea bati langu, hebu niambie nani alikifunga kile kitasa. Fundi wa vitasa upande huu ni wewe peke yako.

Springi ikamponyoka mkononi, ikaruka chini ya benchi.

— Kile? akasema, ameinama, sauti inatokea chini huko. Kile ni kitasa cha kawaida. Mtu yeyote anafunga. Labda alileta fundi wa mjini.

— Ndivyo ulivyoniambia mwezi ule wa kwanza.

— Na ndivyo ilivyo.

— Turudi kwenye hoja, akasema Mwalimu upesi.

Nikarudi kwenye hoja. Ningefanyaje? Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo hata hasira inaona uvivu kuja. Ukiwa umezeeka, watu wanadhani unakaa nao kwa sababu unapenda maneno yao. Mimi nilikaa pale kwa sababu kichochoro cha kwangu kinaonekana kutoka kwenye ile ndoo. Kila siku niliona pazia la maua likifunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na mbili, na nilijua kwamba nyumba bado imesimama.

Birika akapuliza mkaa.

— Mimi ningekuwa wewe, bibi, ningeolewa naye.

— Ana mke, wewe.

— Sasa si ndiyo vizuri? Mke akisikia tu unaolewa humo ndani, atamtoa yeye mwenyewe, na masufuria juu. Hakuna dalali wa mahakama mwenye mbio kama mke aliyekasirika.

Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili hauna meno.

— Mnacheka, akasema Karani, lakini dawa kamili ninayo. Kila mvamizi ametoka mahali, sivyo? Huko alikotoka kuna mlango. Mama mkubwa aende akavamie kwake! Yeye kwako, wewe kwake, halafu mnaiomba mahakama iwabadilishe.

— Na nikikuta kwake kuna mtu mwingine amevamia?

— Na huyo naye ana kwake. Unaenda.

— Na kwake huyo?

— Unaenda tu.

— Kihesabu yuko sahihi, Mwalimu akasema, amefumba macho. Mlolongo huo lazima uwe duara. Wa mwisho wao ni lazima atakuwa ametoka kwenye nyumba ya dada. Kwa hiyo ukizunguka wote, utatokea nyumbani kwako kwa mlango wa uani.

— Mlango wa uani nao ana ufunguo wake.

— Hilo ni suala la Fundi.

Fundi akaanza kuifuta miwani yake. Mwalimu akainua kidole, na kwa jinsi alivyolainisha koo nikajua anataka kunitolea methali.

— Usinitolee, nikamwambia. Methali zako wapelekee wajukuu. Mimi kesho naenda kusimama mbele ya hakimu na mfuko wa bili za maji.

Akakishusha kidole.

Mvua ikaongezeka. Ndipo mwanamke mmoja akaingia, amejifunika kichwa kwa sinia. Ni wa rika la kuwa binti yangu, kavaa aproni ya jikoni yenye nembo ya shule, amelowana kuanzia magotini kwenda chini. Akalisimamisha sinia ukutani maji yakachuruzika.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukamjibu.

— Samahani, naulizia fundi wa vitasa. Ufunguo wangu umetumbukia mtaroni pale, maji yameuchukua naangalia hivi hivi. Naomba uje unifungulie unibadilishie kitasa. Nimehamia juzi, jengo lile la njano.

Fundi akachangamka. Ni mtu anayependa kazi, hilo simnyimi.

— Umefika, dada. Nakuja nawe sasa hivi. Ila utaratibu kwanza.

Akaingiza mkono chini ya meza, akaondoa daftari moja kubwa lenye jalada jeusi lililokuwa limefunika bakuli la misumari. Miezi minne nimeliona lile daftari. Nilidhani ni kifuniko.

— Kuna mwaka polisi walinisumbua hapa, Fundi akamweleza, huku anapiga mistari kwa rula. Nilimfungulia mtu mlango kumbe siyo kwake. Tangu siku hiyo sifungui nyumba ya mtu bila maandishi. Jina lako, nyumba ipi, sababu, unaishi hapo tangu lini, sahihi yako, na mashahidi wawili wa hapa mtaani wanaokufahamu. Mimi sifanyi kazi ya kubahatisha.

— Mashahidi nitawapata wapi na mvua hii, fundi? Simjui mtu.

— Wapo.

Mwanamke akaandika, akasaini, maji ya nywele yanadondokea kwenye karatasi. Fundi akalipitisha daftari kwa Mwalimu. Nakuambia, Mwalimu alikuwa ameshachomoa kalamu. Alikuwa anaendelea kumweleza Karani habari za duara, na mkono wake ukasaini wenyewe juu ya goti, kwa wino mwekundu, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Akampa Karani. Karani akasaini kwa madoido, akapuliza wino. Birika akawa ameshatanguliza vikombe viwili mbele yao.

— Mfunguliwa ndiye anayewalipia mashahidi kikombe, dada, akamwambia mwanamke. Ndiyo kawaida ya hapa.

Mwanamke alikuwa analisoma daftari. Chini ya jina lake kulikuwa na mstari ambao Fundi huuandika kwa herufi kubwa, naye akausoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma maagizo kwenye chupa ya dawa.

— "Sisi tuliosaini hapa tunamfahamu mtu huyu na nyumba anayoishi."

Akainua macho, akamwangalia Mwalimu, akamwangalia Karani.

— Samahani, wazee. Mnanijua mimi?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

Mvua ilipiga bati. Mwalimu akafunga kalamu, akaifungua, akaifunga. Karani akashika tai. Birika akainamisha birika lake juu ya kikombe na kikatoka kitone kimoja.

— Kahawa imekwisha, akasema, ingawa hakuna aliyeomba.

— Tunakufahamu kwa sura, Mwalimu akajaribu.

— Ya lini, baba? Si nimeingia sasa hivi?

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Magoti yangu hulia nikisimama, na siku hiyo niliyasikia vizuri.

— Fundi. Nipe hilo daftari.

— Mama, humu mna siri za wateja.

— Nipe.

Sikungoja anipe. Mwanamke wa aproni ndiye aliyeninyooshea, wala hakujua ananipa nini. Nikalilaza juu ya mashine, nikalamba kidole, nikaanza kurudi nyuma. Kurasa zilizoandikwa hazikuwa nyingi. Watu wengi huja kuchonga ufunguo tu. Wa kufunguliwa nyumba ni wachache kwa mwezi. Nilikuwa natafuta mwezi niliosafiri, na sikuhitaji hata kusoma, maana kwenye kila ukurasa wino mwekundu wa Mwalimu unaonekana ukiwa mbali.

Nilisafiri Jumatatu. Siku tisa baadaye, hii hapa, kwa mwandiko wa Fundi: *Nyumba ya bati jekundu nyuma ya ghala. Kubadili kitasa, mlango wa mbele na wa uani. Mpangaji mpya. Mwenye nyumba amesafiri na ufunguo. Unaishi hapo tangu lini: anahamia leo.* Chini yake sahihi ya Bwana Pazia, nzuri, ya mtu aliyesoma. Chini yake wino mwekundu. Chini yake madoido.

Anahamia leo. Mtu wa miaka mitatu, mtu niliyempa nyumba kwa mdomo wangu, anahamia leo.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikawasomea wao, kwa sauti, kila neno.

— Dada, akasema Mwalimu, alikuja na mvua kama hii. Ana watoto wawili na sanduku. Akasema umempangisha.

— Mkaenda kuangalia?

— Ilikuwa mvua.

— Ni hatua mia mbili, Mwalimu. Nyumba ya bati jekundu mnaijua ni ya nani?

— Tunaijua.

— Mlinipigia simu?

Mwalimu akaitazama kalamu yake.

— Na mimi niliporudi, nikakaa pale kwenye ndoo, nikalia shida zangu mbele yenu. Mlikumbuka siku ipi?

Fundi ndiye aliyejibu, akiiangalia miwani yake.

— Siku hiyo hiyo uliporudi.

— Miezi minne.

— Mama, nani ataniletea mlango wake tena, ikijulikana nimemfungulia mvamizi? Mara ya pili hii. Polisi wangenifungia kibanda.

— Na wewe, Karani?

— Mama mkubwa, mimi mahakama naijua. Nimeona mashahidi wanavyogeuzwa pale mbele. Mtu anaulizwa, ulimjua? Anasema ndiyo. Ulimjuaje? Anaanza kutoka jasho. Nikasema, tutakutafutia njia nyingine tu, isiyopita kwetu.

— Kwa hiyo mkanitafutia. Nikorome, niezue, niolewe.

— Tulikuwa tunakusaidia, akasema Birika, kwa sauti ndogo.

— Wewe nyamaza. Vikombe vyake viwili ulivimimina wewe.

Sasa utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Ningepiga, zamani. Nilifua mashuka na wanawake arobaini na sauti yangu ilisikika wodini. Lakini kelele inahitaji mtu unayetaka akuelewe, na mimi nilichokuwa nakitaka kutoka kwao nilikuwa nimeshakishika mkononi. Nikavua kandambili moja, nikatoa kokoto, nikaivaa. Kisha nikafungua mfuko wangu wa plastiki, nikalitia daftari katikati ya hati na bili za maji, nikafunga fundo.

Fundi akanyanyuka.

— Mama, jamani! Hiyo ndiyo kazi yangu yote humo. Chana huo ukurasa mmoja uende nao, daftari niachie.

— Ukurasa uliochanwa hautapokelewa, akasema Karani.

Tukageuka wote. Yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

— Kweli, akasema. Wataulizia ulikotoka. Watataka daftari zima, na mwenye daftari aje aseme ni lake. Hilo nililiona kwa macho, siyo kulibeba.

Lilikuwa neno lake la kwanza la sheria lililosimama kwa miguu yake kwa miezi yote minne, na alilitoa akijua linamfunga yeye. Sijui kama lilimponyoka au alilitaka. Sikumuuliza.

— Basi umesikia, Fundi. Kesho saa tatu asubuhi mahakamani, ninyi watatu, wewe na hawa wawili waliosaini. Binti wa msaada wa kisheria nampigia sasa hivi, atayapeleka majina yenu. Msipokuja kwa miguu yenu mtaitwa kwa karatasi, na karatasi hiyo ataisoma kila mtu mtaani. Mwalimu, uje na kalamu yako.

— Dada…

— Nyekundu.

Mwanamke wa aproni alikuwa bado amesimama na sinia lake, maji yamefanya dimbwi miguuni pake.

— Samahani, bibi. Sasa mimi nani atanifungulia?

Nikamtazama Fundi.

— Mchukue huyu, nenda naye mpaka jengo la njano. Muulize mwenye jengo kwa mdomo wako kama anamjua. Na hawa wawili uwainue. Wamesaini, basi waende wakamfahamu.

— Na mvua hii? akasema Mwalimu.

Mvua ile ile ilikuwa inanyesha kwenye bati langu jekundu, na mtu alikuwa amekaa chini yake, kakauka, kavaa kandambili zangu. Nikaukumbatia mfuko, nikapita juu ya jiko la Birika lililozimika, nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka ukalia ka!

Kitasa chake Fundi, lazima niseme, kinafunga vizuri.